Jinsi ya kutambua undugu wa vipokezi vya juu ya seli, kwa kuanzia na jicho la furu

Mwanafunzi mmoja niliyemsaidia kuandaa ripoti yake hapa Mwanza aliniletea jedwali ambalo kwa mtazamo wa kwanza halikuwa na kasoro. Upande wa kushoto alikuwa ameorodhesha vipokezi vya mwanga vilivyomo katika jicho la binadamu, yaani cha mwanga mwekundu, cha kijani na cha buluu. Upande wa kulia aliorodhesha vile vya furu, wale samaki wadogo wenye rangi nyingi ambao kila mvuvi wa Ghuba ya Mwanza anawajua, kisha akaunganisha chekundu na chekundu, kijani na kijani, buluu na buluu. "Mwalimu, majina yenyewe yanalingana," alinieleza. Mistari miwili kati ya hiyo mitatu ilikuwa na makosa, na makosa hayo ndiyo yaliyonifanya niandike mwongozo huu kuhusu namna ya kutambua ni vipokezi vipi vilivyo ndugu, na ni undugu wa aina gani.

Nitatumia vipokezi hivyo vya mwanga, ambavyo kwa pamoja huitwa opsini, kama mfano wa mwanzo hadi mwisho, kwa sababu vimechunguzwa sana na kwa sababu samaki wa kwetu wanavyo kwa wingi. Hatua zenyewe zinafaa kwa vipokezi vya homoni, vya harufu au vya kinga ya mwili. Unachohitaji ni kompyuta ya kawaida, intaneti ya kupakua faili ndogo za maandishi, na subira ya kukaa mbele ya safu za herufi. Kwa protini ishirini au thelathini, hesabu zote humalizika ndani ya dakika chache. Kazi kubwa iko katika kuchagua na kukagua, wala si katika kukokotoa.

Kwanza, hakikisha kwamba kuna ukoo

Kipokezi cha juu ya seli ni protini iliyozama katika utando wa seli, ambayo upande wake wa nje hupokea ishara, iwe ni homoni, harufu au miale ya mwanga, na upande wake wa ndani huipeleka habari hiyo kwenye seli. Neno "kipokezi" kwa hiyo linataja kazi tu. Halisemi lolote kuhusu asili, kama vile neno "fundi" lisivyokueleza mtu huyo ni wa ukoo gani. Kabla ya kuuliza undugu wa protini mbili ukoje, ni lazima uulize kama upo hata kidogo, na hapa ndipo watu wengi huteleza kwa sababu ya vigezo vitatu vinavyodanganya.

Kigezo cha kwanza kinachodanganya ni kile ambacho kipokezi hukishika. Asetilikolini, ambayo neva huitumia kuamrisha misuli, ina vipokezi vya aina mbili: kimoja huitikia pia nikotini, na hicho ni mlango wa ioni (tundu la kupitishia chembe zenye chaji) uliojengwa kwa vipande vitano, kingine huitikia muskarini, nacho ni mnyororo mmoja unaoupita utando mara saba na kufanya kazi kwa kuziamsha protini za G, zinazopokeza ishara ndani ya seli. Zote mbili hushika molekuli ileile, lakini hazina undugu wowote unaotambulika. Serotonini nayo ina hali hiyo, kwa kuwa kipokezi chake cha namba 3 ni mlango wa ioni, ilhali vingine vyake vyote ni vya kundi la protini za G. Hata ndani ya kundi moja hali huwa ngumu: vipokezi vya dopamini vya jamii ya D1 na vya jamii ya D2 havikai pamoja kwenye mti wa nasaba, na kila jamii ina majirani wake miongoni mwa vipokezi vingine vya amini, yaani molekuli ndogo za ishara kama dopamini na serotonini.

Kigezo cha pili ni kufanya kazi pamoja. Virusi vya UKIMWI huingia katika seli kwa kushika CD4 na kisha CCR5 au CXCR4. CCR5 na CXCR4 ni ndugu wa kweli, kwani vyote viwili ni vipokezi vya kemokini, molekuli zinazoziongoza seli za kinga. CD4 inatoka katika ukoo mwingine kabisa, ukoo wa protini zinazofanana na kingamwili. Kukutana kazini hakuzifanyi kuwa za ukoo mmoja.

Kigezo cha tatu ndicho kinachowanasa hata walio na uzoefu, nacho ni umbo la jumla. Kwa kuwa vipokezi vya protini za G hupita utando mara saba, mtu huona mipito saba na kuhitimisha kwamba ameshampata ndugu. Sasa mtazame mbu wa Anopheles, ambaye hatuna haja ya kumtambulisha kwa mkazi wa kando ya ziwa. Vipokezi vyake vya harufu hupita utando mara saba, lakini vimekaa kinyume: ncha ya mwanzo, ambayo kwenye vipokezi vya protini za G huwa nje ya seli, kwa mbu iko ndani. Tena hufanya kazi kama milango ya ioni, na mfuatano wake haulingani na ule wa vipokezi vya harufu vya pua ya binadamu. Anayeviweka vipokezi vya mbu na vya binadamu kwenye mti mmoja atapata mti, maana programu haikatai, lakini mti huo hautakuwa na maana.

Kigezo kinachobaki ni mfuatano wenyewe wa amino asidi, vipande vinavyojenga protini na ambavyo kila kimoja huandikwa kwa herufi moja, na pale mfuatano unapochakaa kwa umri, umbo la pande tatu lililopimwa kwa makini. Historia ina mfano mzuri. Mwaka 1986 jeni ya kipokezi cha adrenalini cha aina ya beta-2 iliposomwa kwa mara ya kwanza, watafiti waligundua kwamba mfuatano wake unafanana na wa rodopsini, protini ya kuonea gizani. Mmoja hupokea homoni ya damu, mwingine hupokea mwanga, na hakuna ambaye angewaweka pamoja kwa kutazama kazi zao. Ufanano huo ulifungua macho kuhusu ukoo mkubwa ambao leo tunajua una jeni takriban 800 kwa binadamu, karibu nusu yake zikiwa za harufu, na Robert Lefkowitz na Brian Kobilka walipewa Tuzo ya Nobeli ya Kemia mwaka 2012 kwa kazi yao juu ya vipokezi hivyo. Takriban theluthi moja ya dawa zilizoidhinishwa hufanya kazi kwa kugusa ukoo huu, ikiwemo salbutamoli ya wagonjwa wa pumu. Anayeuliza kwa nini tujali undugu amwulize mfamasia sababu ya kutompa mgonjwa wa pumu propranololi, dawa ya moyo: beta-1 ya moyo na beta-2 ya njia za hewa zinafanana kwa zaidi ya nusu ya herufi zake, na dawa hiyo huzifunga zote mbili.

Kukusanya mifuatano

Andika swali lako kwa sentensi moja kabla hujafungua hifadhidata yoyote. Letu ni hili: kila opsini ya jicho la binadamu ina ndugu gani katika jicho la furu? Swali hilo linakuambia uchukue nini. Unahitaji opsini zote za binadamu za kuonea, opsini zote za furu, na protini moja au mbili ambazo ni ndugu wa mbali, nje ya ukoo wa opsini.

Mifuatano ya binadamu ipo bure kwenye hifadhidata ya UniProt, na namba zake ni hizi: rodopsini P08100, opsini ya mwanga mwekundu P04000, ya kijani P04001, na ya buluu P03999. Kwa ndugu wa mbali chukua kipokezi cha beta-2, P07550, na kipokezi cha melatonini cha aina ya kwanza, P48039. Kwa upande wa furu, spishi iliyo rahisi kuipata ni Pundamilia nyererei, samaki wa ziwa letu aliyepewa jina kwa heshima ya Mwalimu Julius Nyerere, na ambaye jenomu yake ilichapishwa mwaka 2014 pamoja na za samaki wengine wanne wa jamaa yake, sato akiwa mmojawapo. Ongeza na opsini za sato mwenyewe. Spishi ya pili hukusaidia kuona kama tawi fulani ni la samaki wote au ni hitilafu ya faili moja.

Usitafute kwa jina. Chukua mfuatano wa rodopsini ya binadamu, uutumie kama chambo katika programu ya BLAST dhidi ya protini za Pundamilia, kisha ukusanye zote zinazofanana nao vya kutosha. Thamani ya E inayotolewa na BLAST hueleza ni mifuatano mingapi ya kiwango hicho cha ufanano ungetegemea kuipata kwa bahati tu katika hifadhidata ya ukubwa huo; ikiwa ni ndogo kama sifuri nukta ikifuatiwa na sifuri ishirini, hakuna bahati hapo. Majina yaliyoandikwa kando ya mifuatano mengi yamewekwa na kompyuta, na ndiyo yaliyomponza mwanafunzi wangu. Yasome kama tetesi.

Hifadhi mifuatano yote katika faili moja la maandishi kwa muundo wa FASTA, ambapo kila protini huanza na mstari wenye alama ya > na jina, kisha herufi zake. Badilisha majina yawe mafupi na yenye kueleweka, mfano Nyererei_LWS au Mtu_RHO (herufi za mwisho ni kifupi cha aina ya opsini), na usiache nafasi ndani yake, kwani baadhi ya programu hukata jina kwenye nafasi ya kwanza. Niliwahi kupoteza alasiri nzima kwa sababu protini sita zilikuwa zimebaki na jina moja, "Pundamilia". Kagua pia urefu. Opsini za kuonea za wanyama wenye uti wa mgongo huwa na amino asidi 350 hivi: rodopsini ya binadamu ina 348, zile za mwanga mwekundu na kijani zina 364 kila moja. Ukikuta yenye 120, hicho ni kipande, kiache.

Kupanga mifuatano sambamba

Hii ndiyo hatua inayoamua kila kitu, na ndiyo inayoharakishwa kuliko zote. Kupanga sambamba ni kuiweka mifuatano kwenye mistari, mmoja chini ya mwingine, huku ukiacha mapengo panapostahili, ili kila safu ya wima iwe na herufi zinazotokana na nafasi moja katika protini ya babu. Mti utakaochorwa baadaye hautajua lolote zaidi ya safu hizo.

Tazama kipande hiki kifupi kutoka mwisho wa mpito wa tatu wa utando, upande wa ndani ya seli:

Rodopsini ya binadamu: E R Y V V V C K P
Opsini ya kijani ya binadamu: E R W M V V C K P
Kipokezi cha beta-2: D R Y F A I T S P

Hesabu kwa kidole. Rodopsini na opsini ya kijani zinalingana katika nafasi saba kati ya tisa. Rodopsini na beta-2 katika tatu tu, yaani R, Y na P. Lakini kuhesabu zinazolingana pekee ni kupima kwa mizani butu, kwa sababu si kila badiliko lina uzito sawa. E na D zote zina chaji hasi na hubadilishana kwa urahisi. V na I zote huchukia maji na zinatoshana kwa ukubwa. Kwa hiyo hutumika jedwali la alama liitwalo BLOSUM62, lililotengenezwa kwa kuangalia ni mabadiliko gani hutokea mara nyingi katika protini zinazojulikana kuwa ndugu. Katika jedwali hilo E dhidi ya D hupata 2, V dhidi ya I hupata 3, R ikibaki R hupata 5, na P ikibaki P hupata 7. Ukijumlisha kipande chote, rodopsini na opsini ya kijani hupata 42, na rodopsini na beta-2 hupata 22. Alama 22 kwa herufi tisa si haba, ingawa zinazolingana ni tatu. Hivyo ndivyo undugu wa mbali unavyojitokeza.

Angalia ile R ambayo haikubadilika katika mistari yote mitatu. Katika tawi kubwa la vipokezi vya protini za G ambamo rodopsini imo, nafasi hiyo ni R karibu siku zote, kwa sababu hushiriki katika kukishikilia kipokezi kikiwa kimetulia na katika kukutana na protini ya G kinapoamka. Katika mpito wa saba kuna alama nyingine: rodopsini ina NPVIY na beta-2 ina NPLIY. Hizi ni chapa za ukoo, na ndizo utakazozitumia kukagua kazi ya kompyuta. Kwa opsini peke yake kuna chapa ya ziada, nayo ni herufi K katika mpito wa saba, ambayo kwenye rodopsini ni ya nafasi ya 296. Hapo ndipo retinali, kitu kinachotokana na vitamini A na kinachonasa mwanga, hufungwa. Protini isiyo na K hiyo, hata ikiwa imeandikwa "opsini" kwenye hifadhidata, ichunguze upya.

Tumia programu ya MAFFT kwa amri hii:

mafft --auto opsini.fasta > opsini_sambamba.fasta

Anayetumia Windows na hapendi kuandika amri anaweza kutumia MEGA, ambayo ina vitufe. Kisha fungua matokeo uyatazame kwa macho yako. Je, zile R zote ziko katika safu moja? NP za mpito wa saba je? K ya retinali? Kama chapa mojawapo imesogea katika mstari fulani, huenda mfuatano huo una kasoro au si wa ukoo huu. Utaona pia kwamba mipito ya utando imepangika vizuri, ilhali ncha mbili za protini na kitanzi cha tatu cha ndani zimejaa mapengo. Beta-2 ina amino asidi 413, na sehemu kubwa ya ziada hiyo iko katika kitanzi hicho na katika mkia. Safu ambazo zaidi ya nusu yake ni mapengo zifute kabla ya kuendelea, kwa kuwa hazina ushahidi wa nasaba bali kelele.

Iko pia njia ya kutaja nafasi ambayo inarahisisha mazungumzo, iliyopendekezwa na Ballesteros na Weinstein mwaka 1995. Kila mpito hupewa namba yake, na herufi iliyohifadhiwa zaidi katika mpito huo huitwa 50. Ile R ni 3.50, na P ya chapa ya NP ni 7.50. K ya retinali iko nafasi saba kabla yake, hivyo ni 7.43. Ukiandika hivyo, msomaji anaweza kulinganisha rodopsini na kipokezi cha dopamini bila kuchanganyikiwa na namba tofauti za kila protini.

Kuchora mti na kuupa mzizi

Mti wa nasaba ya jeni huchorwa kwa kutafuta mpangilio wa matawi unaoeleza safu zako vizuri zaidi kuliko mingine. Njia ya haraka huunganisha kwanza majirani wa karibu kwa umbali. Ni nzuri kwa kuangalia mambo kwa jumla. Kwa kazi ya kuwasilishwa, tumia njia ya uwezekano mkubwa, ambayo programu ya IQ-TREE huifanya hivi:

iqtree2 -s opsini_sambamba.fasta -m MFP -B 1000

Sehemu ya -m MFP huiagiza ichague yenyewe kielelezo cha mabadiliko kinachofaa data yako, na -B 1000 huiagiza ipime uthabiti wa kila tawi kwa kuchukua sampuli za safu zako mara elfu moja, baadhi zikirudiwa na nyingine zikiachwa, kisha kuona ni mara ngapi tawi hilo linajitokeza tena. Njia hii ya kupima huitwa butistrapu, na Joseph Felsenstein aliipendekeza kwa miti ya nasaba mwaka 1985. Kwa toleo la haraka linalotumiwa na amri hiyo, tawi liamini likifikia 95 au zaidi. Kile kiwango cha 70 ambacho watu hukinukuu ni cha toleo la zamani, na kuvichanganya ni kosa ninaloliona mara kwa mara.

Mti unaotoka hauna mzizi, hata kama mchoro unaonyesha kana kwamba unao. Bila mzizi huwezi kusema nani alitangulia kutengana na nani. Ndiyo sababu tulichukua kipokezi cha melatonini na beta-2: tunajua kwa chapa zao kwamba ni wa ukoo mpana lakini wako nje ya opsini, hivyo mahali wanapoungana na mti ndipo ulipo mzizi wa opsini. Usichague ndugu wa mbali kupita kiasi. Matawi marefu sana huvutana, na mgeni asiyefanana na yeyote hujibandika popote.

Kusoma mti

Ukiwa umefanya yote sawasawa, opsini za kuonea zitagawanyika katika makundi matano, ambayo wanabaiolojia huyaita LWS, SWS1, SWS2, RH2 na RH1. Yote matano yalikuwepo kabla samaki na wanyama wa nchi kavu hawajatengana. LWS hujitenga mapema kuliko mengine, na RH1 na RH2 ni mapacha waliotengana mwisho. Furu ana LWS moja, SWS1 moja, SWS2 mbili, RH2 tatu na RH1 moja, jumla nane. Binadamu ana nne tu za namna hiyo: RH1, ambayo ni rodopsini, SWS1 moja, na LWS mbili.

Sasa rudi kwenye mistari ya mwanafunzi. Opsini ya kijani ya binadamu imo katika kundi la LWS, pamoja na ile nyekundu. Zile zinazopokea kijani kwa furu ni za RH2, kundi ambalo ukoo wetu wa mamalia uliliacha zamani. Yaani ndugu wa karibu wa opsini yetu ya kijani ndani ya jicho la furu ni ile ya mwanga mwekundu, na opsini ya kijani ya furu ina undugu wa karibu zaidi na rodopsini yetu ya kuonea gizani kuliko na opsini yetu ya kijani. Mstari wa buluu nao umevunjika: yetu ni SWS1, na SWS1 ya furu hupokea mwanga wa urujuanimno, buluu yake inatoka SWS2, ambayo sisi hatuna.

Hapa inabidi kutofautisha undugu wa aina mbili. Jeni mbili zinapotengana kwa sababu spishi mbili zilitengana, kama LWS ya furu na LWS ya sato, huitwa otologi. Zinapotengana kwa sababu jeni moja ilijirudufu ndani ya mnyama mmoja, kama nyekundu na kijani za binadamu, huitwa paralogi. Urudufu huo wa kwetu ulitokea kwa babu wa nyani wa Afrika na Asia, muda mrefu baada ya babu zetu kuachana na samaki, hivyo LWS moja ya furu ni otologi ya zetu zote mbili kwa pamoja. Ni kama mtoto mmoja wa baba mdogo mbele ya ndugu wawili wa nyumba kubwa: hana wa peke yake. Kwa kila njia panda ya mti, jiulize: je, pande zote mbili zina spishi ileile? Kama ndiyo, hapo palikuwa na urudufu. Kama kila upande una spishi zake, hapo spishi ndizo zilizotengana. Andika jibu kwa kalamu juu ya mchoro uliochapishwa. Kwenye kioo cha kompyuta macho huchoka na kuruka.

Mti pia unakuonya usichanganye ukaribu wa nasaba na ukaribu wa kazi. Opsini nyekundu na ya kijani za binadamu zinatofautiana katika nafasi 15 kati ya 364, ufanano wa asilimia 96, na bado kilele cha mwanga unaopokewa huhama kwa nanomita 30 hivi. Sehemu kubwa ya tofauti hiyo inabebwa na nafasi tatu: 180, 277 na 285. Herufi tatu, basi, zinatosha kumtenganishia mtu embe bivu na bichi.

Jambo hilohilo limeonekana ziwani kwetu kwa kiwango kidogo zaidi. Mwaka 2008 Ole Seehausen na wenzake walichapisha utafiti kuhusu jeni ya LWS ya furu wa visiwa vya Ghuba ya Mwanza na jirani. Pundamilia pundamilia, ambaye dume lake ni la buluu na hukaa karibu na uso wa maji, na Pundamilia nyererei, ambaye dume lake ni jekundu na hukaa chini zaidi, ambako mwanga unaobaki umeelemea upande wa wekundu, walikuwa na matoleo tofauti ya jeni hiyo, la nyererei likiwa limeelekea kwenye wekundu. Tofauti ilikuwa dhahiri kisiwani Makobe, penye maji maangavu, na haikuonekana Luanso, penye maji machafu. Matoleo hayo si paralogi wala otologi. Ni sura mbili za jeni moja. Ukiyaingiza kwenye mti wa ukoo mzima yataonekana kama majani mawili yaliyogusana, na hapo utahitaji mbinu za jenetiki ya jamii za samaki, si mti huu.

Mfuatano unaposhindwa

Mifuatano miwili ikilingana kwa chini ya robo ya herufi zake, uko kwenye giza: huenda ni ndugu, huenda si ndugu, na asilimia peke yake haiwezi kuamua. Rodopsini na beta-2 ziko takriban asilimia 20, na kinachoziokoa ni zile chapa zilizokaa mahali pake. Katika giza hilo tazama umbo. Umbo la rodopsini ya ng'ombe lilipatikana mwaka 2000 na la beta-2 mwaka 2007, na ukiyapandanisha, mipito saba inakaa juu ya mipito saba. Kwa protini zisizopimwa, hifadhi ya AlphaFold ina maumbo yaliyokisiwa, na programu ya Foldseek huyatafuta yanayofanana. Zingatia tu mwelekeo wa ncha ya mwanzo, ndani au nje, maana mbu tayari ametufundisha kwamba mipito saba pekee haitoshi.

Mwanafunzi aliandika jedwali lake upya kwa kutumia mti. Kutoka LWS ya furu sasa inatoka mistari miwili, mmoja kwenda kwenye nyekundu yetu na mwingine kwenye kijani. SWS1 imeunganishwa na buluu yetu, RH1 na rodopsini. Na RH2 tatu pamoja na SWS2 mbili zimebaki upande wa kulia bila mstari wowote. Juu ya kila mstari aliandika namba ya butistrapu, na mmoja uliokuwa na 81 akauchora kwa nukta.